Wakala kupandisha bei wakati arubuni ameshaishika: biashara au dhulma?

Kikwajuni Juu
Assalaam aleikum. Nataka tulijadili hili kwa utulivu, bila ya kutukanana. Mwaka jana mwezi wa pili nilimpa wakala mmoja wa gari hapa Mjini arubuni ya milioni 10 aniagizie Toyota GR Yaris mpya kutoka Japani. Mpya khasa, si iliyotumika, na gia za mkono. Asiyeijua: ni ile ya milango mitatu, injini ya 1.6 yenye silinda tatu na turbo, magurudumu yote manne yanavuta. Kaniambia miezi mitano. Ilipofika ya nane kanipigia simu: gari ipo njiani, lakini bei imepanda kwa milioni 14, na kama siwezi yupo mtu wa pili anaitaka leo leo, na arubuni hairudi.
Nikamwendea na risiti yangu. Katoa kitabu chake, vile vya karatasi ya kaboni. Kwenye nakala yake chini pameandikwa "bei inaweza kubadilika" kwa peni nyeusi. Yangu haina maneno hayo. Na yote mengine kwenye ile nakala yake ni ya buluu, ya kaboni.
Suali: Serikali ipitishe sheria kwamba ukishashika arubuni ya mtu bei haiguswi? Au ndiyo soko huria, tunyamaze?

Dalali Mstaafu
Wa aleikum salaam. Kazi hii nimeifanya miaka 11, nikwambie ukweli wake. Gari inayogombaniwa haimo mikononi mwa wakala. Angalia Suzuki mwaka 2025, walipoitoa Jimny ya milango mitano kule Japani. Siku nne tu oda zilifika kama 50,000 wakafunga kitabu, na wao walipanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Piga hesabu wa mwisho ataipata lini. Sasa ikiwa Mjapani mwenyewe anangoja, mtu wa Zanzibar yuko wapi kwenye foleni hiyo? Yeni ikipanda, nauli ya meli ikipanda, wakala ndiye anayebanwa koo. Halafu samahani, mtu anayeagiza gari ya mashindano aje kurukia matuta ya Mwanakwerekwe ni mtu mwenye pesa za kuchezea. Asitulilie kwa milioni 14.

Kikwajuni Juu
Pesa za kuchezea? Unanijua weye? Mie nimekaa Maskati miaka saba naendesha lori la maji, nalala watu sita chumba kimoja. Sikununua hata saa. Kila mtu ana kitu chake anachokipenda, wengine wanaoa wa pili, mie napenda gari. Na hayo matuta unayonitishia, gari hii imetengenezwa na watu wa rali. Vumbi na mawe ndiyo chakula chake.

Mama wa Fuoni
Kaka, mimi nina suali dogo tu. Milango mitatu, na mmoja ni wa buti. Mkeo na watoto wanapandia wapi?

Kikwajuni Juu
Mke mbele, kama malkia. Watoto nyuma, kiti kinakunjwa wanapenya.

Mama wa Fuoni
Na mama mkwe?

Vespa ya Babu
Mama mkwe akunjwe pamoja na kiti.

Wete Bandarini
Hayo matuta nyinyi Waunguja mmeyataka wenyewe. Pale Jozani sawa, yaliwekwa kima punju wasigongwe, tunaelewa. Sasa kila mwenye duka la mkate anajijengea lake mbele ya mlango. Gari kama hiyo ilete Pemba, uipitishe njia ya Ngezi kwenda Makangale asubuhi, ndipo utakapoijua thamani yake.

Vespa ya Babu
Pemba? Gari ya bei hiyo mtaianika juani kama karafuu.

Wete Bandarini
Karafuu hizo ndizo zilizoujenga huo Mji mnaojipigia picha Forodhani kila jioni. Adabu kidogo, yakhe. Kila mada lazima mtutie sie?

Vespa ya Babu
Uliyejitia ni wewe. Hakuna aliyeitaja Pemba mpaka ulipofika na Makangale yako.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Naomba turudi kwenye arubuni, kwa sababu ndugu zangu mnapita juu juu. Arubuni isiyorudi ina khilafu kongwe. Jumhuri, yaani wanazuoni walio wengi, wameikataa, na Mashafii wamo humo. Mahanbali wakaijuzisha, na hoja yao ni ile nyumba ya Makka ambayo Nafi' bin Abdul-Harith alimnunulia Sayyidna Umar kwa arubuni kutoka kwa Safwan bin Umayya. Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, walipokaa Brunei mwaka 1993 waliikubali, ila kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekwa. Huyu ndugu kawekewa miezi mitano. Simu imepigwa baada ya miezi minane. Kwa hiyo muda kauvunja nani? Shikeni hapo, bei iacheni kwanza.

Dalali Mstaafu
Sheikh, mbona bei unairuka? Bei zilipopanda Madina watu walimuomba Mtume (s.a.w.) awapangie, akakataa. Hilo hulijui au umelificha?

Mwanafunzi wa Fiqhi
Sijaficha kitu. Hiyo ni bei ya sokoni, ambayo watu hawajaafikiana. Hapa watu wameshaafikiana, tena kwa maandishi. Na neno "umelificha" naomba ulifute.

Dalali Mstaafu
Silifuti. Mimi nimeuliza.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Basi mie na wewe tumemaliza.

Mbweni Pwani
Mnajisumbua bure, wenzetu Marekani walishalimaliza hili. Ford walimshitaki The Rock kwa sababu ya gari. Kaagiza Ford GT, kapewa, kaiuza haraka haraka apate faida, wakampeleka mahakamani.

Vespa ya Babu
Si The Rock. Ni John Cena, mwaka 2017. Alitia saini kwamba hatoiuza kabla ya miaka miwili, akaiuza. Mwaka uliofuata wakapatana.

Mbweni Pwani
The Rock, John Cena, wote wacheza mieleka. Hoja yangu iko pale pale.

Vespa ya Babu
Hoja ipi? Huko kiwanda kimemshitaki mnunuzi. Huku anayelia ni mnunuzi. Umeigeuza juu chini.

Chumbuni Moja
Na msiwachanganye hao wawili kabisa. 2012 The Rock alimpiga Cena usiku mkubwa kuliko yote.

Mbweni Pwani
2013 Cena akarudisha. Hilo mbona hulisemi?

Chumbuni Moja
Alirudisha kwa sababu The Rock aliumia mle mle ulingoni. Nenda kaitizame tena.

Mama wa Fuoni
Watu wazima wanagombania mieleka ya kupangwa. Nami nilete langu: nilisoma kuwa Toyota walipoitoa GR Corolla nyumbani kwao 2022, zilikuwa 500 za kawaida na 70 za toleo maalumu la Morizo. Watu wakajiandikisha, ikapigwa kura, na bei ikabaki ya kiwanda. Kwa nini mawakala wetu wasifanye hivyo, badala ya "yupo mtu wa pili"? Maana huyo mtu wa pili sijapata kumuona hata siku moja. Yupo kwenye nyumba za kukodi, yupo kwenye viwanja, kila penye dalali yupo.

Wete Bandarini
Bahati nasibu hiyo, bibie. Kamari tupu.

Mama wa Fuoni
Kamari unapoteza pesa. Hapa ukikosa, umekosa gari tu, pesa unazo mfukoni. Muulize sheikh.

Wete Bandarini
Sheikh kasusa.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Sikususa. Kura si kamari. Lakini na Dalali sizungumzi.

Mtumishi wa Zamani
Mnaomba sheria kama kwamba hakuna. Ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na sheria yake ni ya 2018, kulinda mlaji kumo humo. Mwenye mada, una risiti. Ipige picha, na ile ya kwake kama uliwahi kuipiga picha ndiyo bora zaidi. Nakala mbili za kaboni moja zenye maneno tofauti, hapo huhitaji fiqhi wala John Cena. Andika barua ya ukurasa mmoja uipeleke.

Chumbuni Moja
Nimeitizama tena. Ni kweli aliumia.

Kikwajuni Juu
Mzee Mtumishi, shukrani. Barua nimeifikiria. Tatizo lipo ambalo sikulisema mwanzo. Wakala mwenyewe ni mwanyumba wangu.

Vespa ya Babu
Ngoja ngoja ngoja. Kaoa dada wa mkeo?

Kikwajuni Juu
Mdogo wake.

Mama wa Fuoni
Kumbe ndiyo maana mama mkwe hana pa kukaa kwenye gari!

Dalali Mstaafu
Mtu umekuja hapa kutaka Serikali nzima itunge sheria, kumbe kesi ni ya kwenu ukweni. Hayo yanaongewa juu ya mkeka kwa birika la chai, hayaji hadharani. Mie tangu mwanzo niliona pana kitu, hakuna wakala anayemwandikia mteja wa kawaida risiti kizembe namna hiyo.

Kikwajuni Juu
Milioni 14 ni milioni 14, hata kwa mwanyumba. Na wewe ulikuwa unamtetea kwa Suzuki na yeni, sasa risiti imekuwa ya kizembe?

Wete Bandarini
Huku kwetu jambo kama hilo wangeitwa wazee wawili, limekwisha kabla ya Isha.

Vespa ya Babu
Pemba tena.

Mama wa Fuoni
Muwacheni aseme. Kaka, mama mkwe mwenyewe umemueleza? Anasemaje?

Kikwajuni Juu
Nilimueleza Ijumaa. Anasema ninunue Noah.