Kupanda Kilimanjaro kuchangia watoto wenye usonji: tarehe, njia na michango tupangeje?

MamaKitengo
Wakuu, habari za leo. Tuko wazazi na walimu 12 wa kitengo cha usonji, shule ya msingi hapa Moshi. Tunataka kupanda mlima tukichangishia kitengo. Mpango ni njia ya Marangu, siku 5, tusimame kilele cha Uhuru tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani. Tutauza mita: 5,895 kwa shilingi 1,000 kila moja, watu walipe tukifika kileleni. Tukosoeni kabla hatujachapa mabango.

Barafu_Juu
Tarehe ndiyo kosa la kwanza. Aprili ni masika: msituni tope, juu theluji, na kuna siku kilele hakionekani kabisa. Pandeni Februari, halafu 2 Aprili iwe siku ya kukabidhi fedha.

Siku 5 nazo ni chache kwa mwili kuzoea hewa nyembamba ya juu. Vibanda vya kulala ni Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720: mnapanda kama mita 1,000 kila siku, na usiku wa tatu haujaisha mnaondoka kwenda kileleni. Ongezeni siku moja Horombo, mpande hadi miamba ya Zebra Rocks mrudi kulala palepale. Na msijidanganye kwamba nyie ni wa Moshi. Mji uko chini ya mita 1,000, kuuona mlima kila asubuhi si kuuzoea.

Usiku wa kilele chupa ya maji igeuzeni mdomo chini, ndani ya soksi nene. Barafu huanza juu, kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Mirija ya kunywea huganda mapema sana. Simu ikae mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji.

Mhazini_Mkali
Mimi naona hatari kwenye "walipe tukifika kileleni". Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anayumba kama mlevi, lakini anawaza milioni 5 na laki 8 za watoto, basi anakaza. Huyo ana ugonjwa wa mwinuko, anatakiwa kuteremshwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na kiongozi asibishiwe. Uzeni mita, sawa, ila zilipwe kabla hamjafika getini. Isitoshe, ahadi ikishapita shughuli mnajua inavyolipwa. Kamati zote za harusi ni mashahidi.

Gharama za kupanda kila mtu ajilipie, au mtafute mdhamini mmoja na mmtangaze hivyo. Shilingi ya mchango ikinunua buti, maneno hayataisha. Lipa namba iwe ya jina la kikundi, siyo laini ya mwenyekiti, na benki iwe na watia saini watatu.

Andikeni mapema fedha zinanunua nini. Mshahara wa mtaalamu wa tiba ya usemi utakata baada ya miezi michache na watoto watabaki walivyokuwa. Kufundisha walimu na wazazi, kadi za picha, vizuia kelele vya masikioni, bembea na magodoro ya mazoezi: hivyo vinabaki.

MamaKitengo
Asanteni, mita zitalipwa kabla. Swali moja: kuna kijana wa miaka 16, haongei, anapenda sana kutembea. Tumchukue?

Barafu_Juu
Siku moja tu, geti la Marangu hadi Mandara, akiwa na nguvu mfike kreta ya Maundi, mrudi. Juu zaidi ugonjwa wa mwinuko unagunduliwa kwa mtu kusema "kichwa kinaniuma", na yeye hasemi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakitoshi, maana vidole vikiwa vya baridi kinasoma ovyo.

Buti na kofia avivae nyumbani wiki tatu kabla, lebo za shingoni zikatwe. Kadi za picha zifuate mpangilio wa siku: geti, msitu, kibanda, chakula, kurudi, gari. Ile ya gari msiisahau. Na awe na mtu wake mmoja, ambaye kijana akigeuka njiani, naye anageuka bila mjadala.