Naomba ushauri: mfano wa bunduki ya babu yangu wa Keya, nataka uwe sahihi

MjukuuWaKeya (Bombo)
Assalaam aleikum wazee na ndugu zangu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), batalioni ya 4, ile ya Uganda. Mwaka 1942 walivushwa bahari hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo), na 1944 wakaingizwa Burma pamoja na Divisheni ya 11, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru. Alirudi mzima, akafia hapa hapa Bombo. Mwezi ujao tunamsomea hitima, na ukoo umenipa mimi kazi ya kupanga meza ya kumbukumbu: medali yake, picha yake, na mfano wa bunduki aliyobeba. Ni wa mbao, wa kutazama tu.

Wa kwanza niliuchonga mwaka jana kwa mti wa musizi, nikampelekea habuba (bibi yangu). Akaupapasa kuanzia kitakoni hadi mdomoni, akasita. Akaniambia nimteremshie picha ukutani, akaweka kidole juu ya kioo: "Yake pua bapa. Hii yako imechomoza kama mdomo wa korongo." Sikuwa na la kujibu. Nikaupeleka stoo.

Picha ni hiyo moja, na chini imeliwa na mchwa. Babu amesimama, bunduki imeegemea mguu, mkanda umelegea. Mbao na chuma vinaishia pamoja, kama habuba anavyosema.

Naomba kujua ni bunduki gani hasa, nitumie mti gani, na mkanda ni wa ngozi au wa kitambaa. Niseme na hili: hapa kwetu mtu akisikia Bombo na Keya, moja kwa moja anamtaja Idi Amin. Amin aliingia Keya 1946. Babu yangu alikuwa ameshapigana Burma. Nataka wajukuu wamwone yeye mwenyewe, na kitu kilicho mezani kiwe kile alichokishika.

MkusanyaVyaKale (Jinja)
Wa aleikum salaam, Mungu amrehemu mzee. Habuba amepatia. Pua bapa ni Lee-Enfield Namba 1 Maki 3, ya risasi ya .303, iliyoanza 1907. Wewe ulichonga Namba 4, ambayo mtutu wake unatokeza mbele ya mbao. Usione ajabu kwamba bunduki ya 1907 ilikuwepo Burma: kiwanda cha Ishapore kule India kiliendelea kutoa Maki 3 vita vyote.

Uhakikishe kwa kitu kimoja zaidi. Tafuta kidude cha kulengea cha nyuma. Kwenye Maki 3 kimekaa juu ya mtutu, mbele ya mahali risasi zinapoingizwa. Kwenye Namba 4 kiko nyuma kabisa, karibu na jicho.

Urefu ni sentimita 113, uzito unakaribia kilo 4, kibweta ni cha risasi 10. Ukiona picha za zamani zenye kibamba ubavuni cha kuzuia risasi, au vidude vya pembeni vya kulengea mbali sana, usihangaike navyo. Vilianza kuondolewa 1916.

Kitu ambacho mimi nisingekiacha ni kitako. Nyuma kina bamba la shaba ya njano lenye kimlango kidogo. Ndani askari aliweka chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, yenye kipande kizito cha shaba mwishoni na kitambaa cha inchi 4 kwa 2. Weka vyote. Watoto watakifungua hicho kimlango siku nzima.

FundiNdeeba (Kampala)
Ssebo, musizi ni mwepesi na mweupe, ndiyo maana ule wa kwanza ulionekana kama mwanasesere. Chukua mvule mkavu. Ukiupiga randa unatoka wa njano, usiogope. Paka mafuta ya kitani, yale ya wachonga samani, safari nne tano, kila safari ukisugua kwa kiganja mpaka kipate joto. Utakuwa kahawia. Usipake vanishi! Bunduki za jeshi hazikung'aa hivyo.

AfandeMstaafu (Luweero)
Kijana, nakuunga mkono, lakini nisikilize. Unaishi Bombo, penye makao ya jeshi. Usitumie bomba kwa ajili ya mtutu, hata kama fundi wa Katwe atakuambia ni rahisi. Tumia nondo iliyojaa, itakupa na ule uzito. Mdomoni usitoboe, paka duara jeusi. Komeo lichongwe pamoja na mbao, lisivutike. Kabla hujaanza, mwone mwenyekiti wa kijiji (LC1) na kituo cha polisi, uwape maelezo na picha ya babu. Siku ya kuusafirisha ufunge ndani ya mkeka, usipande nao bodaboda. Sheria ya silaha hapa kwetu ni ya 1970 na haina mzaha, na askari wa doria usiku hawezi kujua kama ni mvule.

BintiWaShonaji (Arua)
Mkanda ni wa kitambaa, kaka. Pamba nene iliyofumwa, upana kama sentimita 3, ncha zake za shaba. Pale soko la Owino, Kampala, kuna mikanda ya mizigo ya pamba. Chagua isiyo ya nailoni, uchome uzi mmoja kwa kiberiti uone: pamba inakuwa jivu, nailoni inayeyuka. Ichemshe kwenye majani ya chai kwanza, ipate rangi.

MkusanyaVyaKale (Jinja)
Na singe je? Ya 1907 ina ubapa wa sentimita 43. India walizifupisha hadi 30 wakati wa vita.

MjukuuWaKeya (Bombo)
Ahsanteni sana, nimeyasoma yote kwa sauti mbele ya habuba. Nimeazima kioo cha kukuzia cha fundi saa: kidude cha kulengea kiko juu ya mtutu. Maki 3. Mwenyekiti nimeshamwona, kesho tunakwenda naye kituoni. Afande, nondo nimekubali.

Singe habuba amekataa. Anasema mezani kutakuwa na msahafu. Nitaacha ala tupu pembeni ya mkanda. FundiNdeeba, Jumamosi upo? Nije na picha uone mkunjo wa kitako.

FundiNdeeba (Kampala)
Nipo. Njoo kabla ya adhuhuri, mvule mzuri unaisha mapema.