Naomba ushauri: filamu fupi za tangazo kuhusu wapiga picha

Wakuu, habari za saa hizi. Duka moja la kamera hapa Dar limenipa kazi ya filamu fupi tano, kila moja sekunde 60, kuhusu wapiga picha na ufundi wao. Zitawekwa Instagram na YouTube.

Ya kwanza tayari. Mzee wa studio Kariakoo, nyuma pazia limechorwa ndege na ngazi. Anamwinua mteja kidevu kwa kidole kimoja, "usicheke bado", ndipo anabofya. Tamu kweli! Mwenye duka kaitazama, kauliza, "Sasa kamera zangu ziko wapi?" Anataka nembo tangu sekunde ya kwanza, na kamera ya mzee ni ya kampuni asiyoiuza.

Mteja kama huyu mnamwelewesha vipi? Na zile picha za zamani ukutani, ridhaa ya mwenye studio inatosha au niwatafute waliopigwa? Ya pili natamani Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa 1930, huko picha ni ukuta mzima.

Nusu ya malipo nimeshaila, na simu za mwenye duka zinaanza saa kumi na mbili asubuhi.