Jiwe zito jeusi kutoka shambani Ufipa: je, ni kimondo?

Mwalimu wa Laela

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha shule ya msingi huku Sumbawanga vijijini, na ninawaletea jambo ambalo limeshaanza kuukosesha usingizi ukoo mzima. Mwezi Februari, mama mkwe wangu alipokuwa akifukia nyasi kwenye matuta, kama tulivyozoea kulima huku Ufipa, jembe lake liligonga jiwe jeusi ambalo uzito wake haulingani na umbo lake. Halizidi ukubwa wa nazi iliyofuliwa, lakini kwenye mizani ya duka lina kilo 2.4. Upande mmoja unang'aa kama kioo cha chupa, na upande wa pili una kutu na vitundu vidogo vidogo. Sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu inashika kidogo sehemu moja na kuteleza sehemu nyingine.

Dalali mmoja wa Tunduma aliiona picha kwenye simu na kusema papo hapo kwamba hiki ni kimondo cha aina ile ile iliyoko Ndolezi, na kwamba mnunuzi yupo tayari, ila sharti nitangulize shilingi laki tatu za "cheti cha maabara". Naomba kujua: ninawezaje kulitambua jiwe hili mwenyewe, na ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema kwamba jiwe fulani ni kimondo?

Mwokota Mawe, Arusha

Mwalimu, kwanza fedha hizo zikae mfukoni. Mnunuzi anayelijua jiwe huomba kipande kidogo akipime kwa gharama yake. Anayetaka ada kabla ya kuligusa anauza cheti.

Kuhusu jiwe lenyewe, kinachonitia shaka ni vitundu. Kimondo kinapopita angani huyeyuka ngozi ya nje tu, kwa sekunde chache, na kile kilichoyeyuka hupeperushwa na hewa, wakati ndani hubaki baridi; hakiumuki kama andazi. Unachotarajia kukiona ni ganda jeusi jembamba, aghalabu lisilofika unene wa milimita moja, na pengine mabonyeo laini kama alama za kidole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi.

Chukua kigae cha sakafuni, kigeuze, na usugue jiwe kwenye mgongo wake usiong'arishwa. Hematiti, ambayo ni madini ya chuma, itaacha mstari wa hudhurungi nyekundu, magnetiti, madini mengine ya chuma, itaacha mweusi au wa kijivu, na kimondo ambacho hakijaliwa na kutu kwa kawaida hakiachi kitu cha maana. Kisha sugua pembe moja kwa msasa mpaka upate dirisha la ukubwa wa ukucha, na ulitazame juani. Vimondo vingi vya mawe vina chembe za chuma chenye nikeli zinazometa kama fedha, na mara nyingi vina vitone vya duara viitwavyo kondruli. Mwisho, ning'iniza jiwe kwa uzi kwenye mizani ya ndoano, usome uzito, kisha lishushe ndani ya ndoo ya maji bila kugusa kuta wala chini, usome tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili; jibu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo ule ule. Mawe mengi ya shambani hutoa 2.7 hivi, vimondo vya kawaida vya mawe huwa baina ya 3.3 na 3.7, na vile vya chuma hukaribia 8.

Huyo dalali, kwa jinsi ninavyomsoma, hajawahi kukisogelea Kimondo cha Mbozi, ambacho ndicho hicho cha Ndolezi. Kile ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, chuma karibu asilimia 90 na nikeli asilimia 8 hivi, na pembeni lina pengo lililokatwa kwa ajili ya sampuli. Sumaku ikikigusa haishiki sehemu moja na kuteleza nyingine, inanata.

Bint Jaalan, Muscat

Ninakubaliana na ndugu wa Arusha, ila naomba ile sumaku ya spika irudi kwenye redio. Sumaku kali hufuta usumaku asilia uliohifadhiwa ndani ya jiwe. Ndivyo ilivyolipata lile jiwe maarufu la Mirihi lililopatikana Morocco na kuandikishwa kama NWA 7034: sumaku za wawindaji wa vimondo zilishafuta habari ambayo wanasayansi walikuwa wakiitafuta. Sumaku dhaifu iliyofungwa kwenye uzi inatosha. Uzi ukipinda, umepata jibu.

Kuhusu mamlaka, kimondo hakitambuliwi rasmi mpaka maabara ikiainishe na kamati ya majina ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, ikikubali, na kamati hiyo hutaka sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe lote endapo ni dogo, ihifadhiwe katika taasisi. Jina hutokana na mahali. Thika ni vimondo vilivyoanguka Kenya Julai 16, 2011. Mbale ni vile vilivyonyesha Uganda Agosti 14, 1992, na kipande kimoja cha gramu chache kikapita kwenye majani ya migomba na kumdondokea kijana kichwani bila kumdhuru. Huku Oman, jangwa ambalo halina vijiji hulazimisha majina kama Dhofar au Sayh al Uhaymir yakifuatiwa na namba. Kutoa kimondo nje ya Oman bila kibali ni kosa, na wapo wageni waliowahi kufungwa kwa ajili hiyo.

Biashara hii ina upande wake mchungu. Huko Somalia, kimondo cha El Ali chenye tani 15.2 kilijulikana na wafugaji kwa vizazi, wakinolea visu vyao juu yake. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walitangaza kwamba katika kipande kimoja cha gramu 70 wamepata madini mapya. Bonge lenyewe lilikuwa limeshasafirishwa hadi China kutafutiwa mnunuzi.

Na dalali akibadili hadithi, akasema kwamba huo upande wa kioo ni tektiti, usimsikilize pia. Tektiti ni ardhi yetu wenyewe iliyoyeyushwa na kurushwa na kishindo cha kimondo kikubwa. Zile za Ivory Coast zilitoka kwenye shimo ambalo sasa ni Ziwa Bosumtwi nchini Ghana, miaka milioni moja hivi iliyopita. Zile za kijani za Ucheki, moldaviti, zilitoka kwenye shimo la Ries nchini Ujerumani, karibu miaka milioni 15 iliyopita. Moldaviti za bandia zimejaa sokoni, nami nimewahi kununua moja inayong'aa kama pipi iliyolambwa. Ninaitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni.

Mwalimu wa Laela

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Hewani kilo 2.4, majini kilo 1.6, tofauti ni 0.8, kwa hiyo jibu ni 3. Kwenye kigae liliacha mstari hafifu wa kijivu. Chini ya msasa sikuona chembe hata moja inayometa, bali kioo cheusi na vitundu zaidi. Nilipolisugua kwa mswaki, upande wa chini ulionyesha mistari myembamba kama ya ubao, na umegandwa na udongo mwekundu uliochomeka. Mama mkwe ameniambia, bila kushtuka, kwamba mawe kama hayo yapo mengi na kila mwaka huyatupa pembeni mwa shamba. Hili lilikuwa kubwa tu kuliko mengine.

Mjukuu wa Mhunzi

Shikamooni wakubwa. Mwalimu, hayo ni mavi ya chuma, yaani taka zinazoyeyuka na kubaki chuma kinapotolewa kwenye mawe yake kwa moto. Hiyo mistari kama ya ubao ni chapa ya mkaa, kwa sababu uji ule ulipotiririka tanurini uliganda juu ya mkaa wenyewe, na udongo mwekundu ni kuta za tanuri. Uzito na kule kunatanata kwa sumaku hutokana na chuma ambacho hakikutoka chote. Msihangaike na ile 3, kwa kuwa mavi ya chuma na mawe mazito hupishana hapo. Mkaa ndio shahidi.

Wazee wetu Ufipa walijenga malungu, matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, yakivuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha chuma kilisafishwa upya kwenye tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Tafuta vipande vya mirija ya udongo iliyoingiza hewa chini ya tanuri. Ukiviona, usichimbe, mpelekee habari afisa utamaduni wa wilaya. Na ikiwa ukoo bado unataka neno la maabara, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma.

Mwalimu wa Laela

Jumamosi tumekwenda tena shambani na tumekuta vipande viwili vya mrija, kimoja kikiwa kimegandwa mdomoni na kioo kile kile cheusi. Tumeviacha pale pale na kupachika kijiti. Dalali amepiga simu mara tatu tangu juzi. Bei ya cheti imeshuka hadi laki moja.