Dereva mpya, trela ya kwanza: ulianzia kwa nani? Tupeane uzoefu

Mgeni_wa_Usukani: Mulembe wakuu. Nimekuwa nikiendesha kanta ya mboga Nakuru–Kisumu, sasa nimepata leseni ya CE na nataka kupanda trela. Nimeitwa pahali pawili. Kwanza kampuni kubwa ya kontena, Mombasa hadi Malaba: mshahara mdogo, miezi ya majaribio, unakaa kwanza na dereva mzee. Pili ni tajiri wa Kisumu mwenye lori tatu, anabeba mahindi na mbolea. Huyu pesa yake ni nono, lakini mkataba anasema ni kusalimiana tu. Nyinyi mlianzia wapi na mliona nini?

Kondele_Moja: Omera, kabla ya pesa uliza dereva aliyetangulia alitoka kwa nini. Na usimuulize tajiri. Uliza mlinzi wa geti.

Baba_Trela: Umetaja mahindi ukanitoa usingizini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mahindi ya Kitale kupelekea wasagaji Nairobi. Tajiri maneno matamu, ananiita mwanangu, chai ya kwake nimekunywa. Siku ya kuchukua gari nikamwambia nikikanyaga breki trela inavuta upande. Akasema fundi ameiangalia jana, nenda, mnunuzi anangoja.

Tukatoka Eldoret jioni. Burnt Forest mvua, Timboroa ukungu. Pale juu Mau Summit nikashusha gia mapema, nikawasha breki ya ekzosi, ile inayobana moshi wa injini kupunguza mwendo, nikateremka polepole vile nilifunzwa. Kabla ya Sachangwan nikasikia harufu. Tanboi, msaidizi wangu, akatoa kichwa dirishani: "Mzee, nyuma kunatoka moshi." Nakanyaga, gari haishiki. Nakanyaga tena, mshale wa upepo wa breki unashuka, kengele inalia ndani ya kabini. Mbele yangu matatu imejaa watu, upande wa pili malori yanapanda, hakuna pa kwenda. Nikalalia honi. Yule dereva wa matatu, Mungu ambariki popote alipo, akaangalia kioo akatoka nje ya lami. Nikalazimisha gia nyingine chini, injini ikapiga kelele nikadhani inapasuka. Upepo ulipoisha, breki za springi zikajifunga zenyewe, gari ikaburuza hadi ikaegemea ukingo. Tairi za trela zinawaka. Akina mama wauza viazi ndio walituletea mchanga na maji.

Moto ulipozima nikaingia chini na tochi ya simu. Mpira unaopeleka upepo kwa breki za ekseli ya kati umekatwa, ukasokomezwa bolti, ukakazwa na waya. Ekseli ya nyuma vivyo hivyo. Dayaframu, zile raba za ndani zinazosukumwa na upepo breki ishike, zilikuwa zimetoboka, na badala ya kununua mpya fundi akaziba tu upepo usivuje. Mzigo wote ule trela ilikuwa inashikwa na ekseli moja.

Tajiri alipofika alihesabu tairi kwanza. Hata tanboi hakumuuliza hali. Zile zilizoungua akanikata kwa mshahara. Nikaacha funguo kwa boneti nikapanda matatu.

Bunyore_Boy: Wueh.

Nyar_Ahero: Bolti kwa mpira wa breki! Huyo ni wa kushtakiwa.

Sheria_Stejini: Na hayo makato pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu na zaidi mkataba uwe wa maandishi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ungeenda ofisi ya leba.

Kondele_Moja: @Sheria_Stejini sheria iko Nairobi, mwenzako yuko Salgaa na tairi inawaka.

Jamaa_wa_Fri: Si kwa ubaya mzee, lakini mteremko huo mimi natia fri kutoka juu, natoa gia gari inateremka yenyewe. Nafika Salgaa na diseli ya kuuza. Gia ndiyo ilikuchomea gari.

Baba_Trela: Gia ndiyo iliniacha hai. Kama ningekuwa fri singekuwa hapa kubishana na wewe.

Nyar_Ahero: Watu wa fri wangefungiwa leseni wote. Juni 2023 pale Londiani lori moja lilipoteza mwelekeo, zaidi ya watu 50 wakafa, wengine walikuwa wanauza tu vitu kando ya barabara.

Jamaa_wa_Fri: Nani amesema lile lilikuwa fri? Usinibebeshe maiti.

Nyar_Ahero: Sijasema lilikuwa fri. Nasema lori likikosa breki halichagui.

Fundi_Mamboleo: Nimalize hii. Injini za siku hizi za kompyuta, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, diseli inakatwa kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukitia fri injini inalazimika kunywa ili isizime. Kwa hiyo huokoi kitu. Hiyo ni hesabu ya lori za zamani.

Na kijana, hapo ndipo pa kupimia tajiri. Muulize anapima diseli vipi. Kama Mombasa–Malaba anakupa lita ambazo hata dereva mzoefu hazimfikishi, na zikipungua anakukata, huyo anakuambia tia fri bila kufungua mdomo.

Mama_Kontena: Mimi nilianza kampuni kubwa na sijuti, ingawa miezi ya kwanza nilikuwa nimekaa kiti cha abiria kama mgeni. Januari 2022, foleni ya vipimo vya corona Malaba, tulilala barabarani siku na siku. Ofisi ilitutumia pesa ya chakula kwa simu. Jirani yangu kwenye foleni, wa tajiri wa mdomo, alikuwa anakopa unga kwangu, na tajiri akipigiwa anasema mteja hapatikani. Wasichana mnaosoma hapa, ulizeni pia gari inalala wapi. Yadi yenye choo na mlinzi ni mshahara.

Tanboi_Mstaafu: Kampuni kubwa nazo tuseme ukweli. Traka inakuona umesimama kwenda haja, ofisi inapiga "mbona umesimama?" Na dereva mzee niliyepewa alinifundisha kulewa Burnt Forest, basi.

Mama_Kontena: 😂 Huyo namjua.

Busia_Borda: Tajiri wa mbolea muulize kuhusu mzani, pale barabarani lori zinapimwa uzito. Ekseli saba mwisho ni tani 56, na ekseli tatu za trela kwa pamoja 24. Kuna wale wanaokuongezea magunia usiku ukiwa umelala, asubuhi Gilgil au Webuye ndiyo unagundua. Pima mzigo kabla ya kutoka, na karatasi ukae nayo wewe.

Bunyore_Boy: Na tanka je? Nasikia pesa iko huko.

Baba_Trela: Usianzie tanka mdogo wangu. Sachangwan 2009, tanka lilipinduka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukachukua zaidi ya mia moja. Jifunze kwanza na mzigo usiolipuka.

Jamaa_wa_Fri: Hapo tunakubaliana.

Mgeni_wa_Usukani: Asanteni sana. Huyo wa Kisumu nimempigia, nikauliza diseli inapimwaje. Akasema "wewe ni dereva ama mhasibu?" Lakini amekubali nikaone gari kesho, yadi iko barabara ya Kibos. Naangalia nini?

Fundi_Mamboleo: Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki ushikilie, mtu azunguke trela akisikiliza. Halafu ingia chini ufuate kila mpira wa upepo hadi chemba ya breki unapoishia. Akikukataza kuingia chini, umeshajibiwa. Mimi niko Mamboleo, si mbali. Niambie saa.

Mgeni_wa_Usukani: Saa nne asubuhi mkuu.

Fundi_Mamboleo: Sawa. Beba nguo kuukuu. Samaki ya mchana ni juu yako.

Bunyore_Boy: Wakuu, hiyo kampuni ya Mama Kontena, wanachukua tanboi?