Nimejifunza Linux mwenyewe: nitajuaje kiwango changu?

wa_Mbale
Wakuu, habari za kazi. Debian na AlmaLinux (matoleo ya Linux) nimejifunza mwenyewe: naweka Nginx (seva ya wavuti), naongeza watumiaji, naandika cron (kazi za kujiendesha kwa ratiba). Kuna nafasi ya kusimamia seva hapa Mbale na CV inataka kiwango. Nitajipimaje bila kujidanganya? Na cheti ni lazima?

mlango22
Ndugu, wingi wa amri unazozijua haupimi kitu. Jipime mashine ikigoma. Unda mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) ya RAM GB 2 na diski GB 20, chukua snapshoti (nakala ya hali yake ya sasa), kisha iharibu makusudi.

Anza na /etc/fstab (orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka): kosea UUID (kitambulisho) ya diski ya data, uwashe upya. systemd (programu inayoanzisha huduma za mfumo) itaingoja diski sekunde 90, halafu ikutupe kwenye hali ya dharura. Kwenye Debian isiyo na nenosiri la root (msimamizi mkuu) hata humo huingii; itabidi uhariri mstari wa kerneli kwenye GRUB (menyu ya kuwashia), uongeze init=/bin/bash, kisha `mount -o remount,rw /` ili diski iandikike. Ukisharekebisha, endesha `findmnt --verify` kabla ya kuwasha upya. Na ujue kwa nini diski isiyo ya lazima huwekewa `nofail`.

Jaribio la pili: futa kwa `rm` logi kubwa ambayo huduma bado inaiandikia. `df` (nafasi ya diski) itasema diski imejaa, `du` (jumla ya faili zinazoonekana) haioni kitu. Faili bado imefunguliwa, nafasi haijaachiwa. `lsof +L1` itakuonyesha mhusika. Anzisha upya huduma hiyo. Kama nafasi ipo lakini faili mpya zinakataliwa, angalia `df -i`: huenda idadi ya faili inayoruhusiwa (inode) imeisha.

La tatu ndilo huwaumbua wengi: hamishia SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) kwenye poti 2222 ndani ya AlmaLinux. sshd (huduma ya SSH) itakataliwa na SELinux (mlinzi wa ruhusa za programu). Anayekimbilia `setenforce 0` (kumnyamazisha mlinzi huyo) bado ni mwanafunzi. Dawa ni kuiruhusu poti kwa `semanage port -a -t ssh_port_t -p tcp 2222`, kisha uifungue kwenye ukuta wa moto kwa firewall-cmd ukitumia `--permanent`, halafu `--reload`. Kikao cha zamani usikifunge mpaka kipya kiingie.

bwana_bekapu
Cheti si lazima, ila mihtasari ya mitihani iko wazi bure, itumie kama kipimo. RHCSA (EX200), cheti cha Red Hat, ni vitendo vitupu: saa 3, kufaulu ni 210 kati ya 300, na mipangilio yako lazima ibaki baada ya mashine kuwashwa upya. LPIC-1, cheti cha shirika la LPI, ni mitihani miwili ya kujibu maswali, 60 kila mmoja kwa dakika 90.

Kwa umeme wetu huu, ongeza jaribio moja: zima mashine pepe ghafla MariaDB (hifadhidata) ikiandika, kisha rudisha bekapu kwenye mashine tupu huku saa inahesabu.

wa_Mbale
Asante sana wakuu. Kwa hiyo kwenye CV niandike "kiwango cha kati"?

mlango22
Hapana. Andika kazi: "Narejesha seva isiyowaka, nasimamia SELinux bila kuizima." Wakikuhoji, wataanzia hapo.