Tupeane uzoefu: maktaba ya umma imekusaidia nini?

Mwanzisha mada
Habari zenu wadau. Watu wengi wakimaliza mitihani huagana na maktaba moja kwa moja. Mimi niliendelea nayo, na kilichonifaidi kuliko vyote ni mkutubi. Nilikuwa nahangaika rafuni natafuta habari za nyuki, akaniuliza, "Unataka kuwajua au kuwafuga?" Kumbe nyuki kama wadudu wako namba 595, kwenye sayansi, na ufugaji wake uko 638, kwenye kilimo. Ndivyo mfumo wa Dewey, uliotoka mwaka 1876, unavyopanga vitabu vya maktaba: kila somo na namba yake. Ukishakipata kitabu cha namba yako, vitabu vinavyopakana nacho navyo huwa vya mambo hayo hayo, na kile nilichokitumia zaidi sikuwa hata najua kwamba kipo. Haya, leteni yenu.

Fundi cherehani
Mimi nashinda 646, ushonaji. Kitabu chenye michoro ya kukatia nguo sikihitaji kila siku, kwa hiyo naazima, nahamishia vipimo kwenye daftari, narudisha. Muda ukiisha kabla hujamaliza, omba kuongezewa. Kama hakuna mwingine anayekisubiri, mara nyingi wanakubali.

Mama wa wawili
Wanangu wanajichagulia wenyewe kwenye kona ya watoto. Mkubwa alifungua vitabu vingi akaviacha kurasa za mwanzo, sikumsema, maana kitabu cha kuazima kisipokupendeza kinarudi tu. Siku alipokutana na cha mifupa ya dinosaria, hakukiweka chini. Sasa anamsomea mdogo wake, na mdogo anamsahihisha akiruka ukurasa. Hakuna kinachonifurahisha kama hicho.

Natafuta ajira
Meza, umeme, intaneti. Barua zangu zote za maombi nimeziandikia huko, kwa sababu nyumbani tuko wengi na kila mtu ana kelele zake.

Mstaafu
Wanangu, msisahau magazeti ya zamani. Marehemu baba alikuwa akitusimulia alivyocheza mpira ujanani, na nyumbani hapakuwa na picha hata moja. Nikaomba magazeti ya miaka ile, yamejalidiwa majuzuu makubwa mazito. Hayaazimwi, unayasomea pale pale. Nilifunua taratibu kwa siku kadhaa mpaka nikaiona timu yao, baba kachuchumaa mstari wa mbele. Nilimwita mkutubi aje aone, tukasimama wote wawili tunaitazama. Wajukuu sasa wanamjua babu yao kwa sura.

Mgeni hapa
Shikamoo mzee, umenigusa sana. Naomba kuuliza: mama yangu macho yamepungua nguvu, naye alikuwa msomaji hasa. Kuna cha kumfaa huko?

Mwanzisha mada
Kipo, na ni haki yake. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, ya mwaka 1949 na iliyohuishwa 1994 na 2022, inataka huduma zimfikie kila mtu bila kujali umri wala hali yake. Ulizia vitabu vya maandishi makubwa na vya kusikiliza. Wakikosa, waulize kama wanaweza kukuazimia kutoka maktaba nyingine, maana maktaba nyingi huazimana. Nenda naye mama mwenyewe, aseme anapenda kusoma nini.